Jirani wa binti yangu huko Kanada amepotelewa na mwanawe: tumsaidie vipi bila ya kumuumiza?

Mama wa Mtambile, Pemba

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri wa watu wazima na wa wale walioishi nchi za mbali.

Binti yangu anasomea uuguzi katika mji wa Winnipeg, jimbo la Manitoba, Kanada. Chumba alichopanga kimepakana na nyumba ya mama mmoja wa jamii ya Waanishinaabe, ambao ni miongoni mwa wenyeji wa asili wa nchi ile. Mama huyo ndiye aliyemwonesha namna ya kuvaa wakati wa baridi, ndiye aliyemwazima koleo la kuondolea theluji mlangoni, na alipougua homa ndiye aliyempelekea supu. Sasa mama huyo amepotelewa na binti yake wa kumzaa, mwanamke kijana mwenye mtoto wa miaka minne, ambaye alitoka jioni kwenda kwa rafiki yake na hakurudi. Polisi walishaarifiwa, matangazo yalishabandikwa, majira yamebadilika, na hakuna habari yoyote.

Binti yangu ananiuliza afanye nini, nami nimekosa jibu la maana la kumpa. Huku kwetu mtu akifiwa kila mmoja anajua nafasi yake: tunakwenda kuhani, tunatoa ubani, wanawake wanashika jiko, wanaume wanashughulikia kaburi, na siku zinahesabika mpaka watu watawanyike. Lakini huko hakuna maiti wala kaburi, na mama mwenyewe bado anamnunulia mwanawe sabuni anayoipenda. Jirani mwengine alimpelekea maua na kadi ya rambirambi, na mama yule akavirudisha vyote mlangoni kwa mwenyewe bila ya kuifungua kadi.

Vilevile binti yangu ameambiwa na wanafunzi wenzake kwamba jambo hili ni la kawaida sana kwa wanawake wa asili, kana kwamba kwa hiyo halina haja ya kushughulisha watu. Neno hilo limeniuma. Ningependa kuelewa kwa nini mabinti wa jamii hizo wanapotea kwa wingi namna hiyo, na nini hasa kinachoifaa familia iliyo katika hali hii, kwa sababu mama yule amemlea mwanangu ugenini na siwezi kukaa kimya.

Maalim wa Mkunazini

Wa alaykum salaam Mama. Mwenyezi Mungu amrejeshe binti huyo kwa wazee wake akiwa salama. Haki ya jirani ni kubwa na haiangalii dini ya jirani, kwa hiyo umefanya vyema kuuliza. Rai yangu ni kwamba tuchangishane hapa kidogo kidogo, fedha ipelekwe kwa binti yako naye aikabidhi kama ubani, na sisi huku tukusanyike siku moja tusome hitma. Naamini mama yule akisikia kwamba watu wa mbali wamemsomea mwanawe atapata faraja.

Mkaazi wa Wete

Maalim, shikamoo. Nia yako ni njema na suala la mchango naliunga mkono, lakini nakuomba radhi kwa kutofautiana nawe kuhusu ubani na hitma, kwa sababu familia yetu imepita njia hiyo.

Kaka yangu alikuwamo ndani ya MV Spice Islander I, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 karibu na Nungwi, ikitoka Unguja kuja hapa Wete. Zaidi ya maiti mia mbili ziliopolewa na kuzikwa, na wengine wengi hawakuonekana mpaka leo, naye ni mmoja wao. Siku zile za mwanzo watu walikuja na ubani kwa mapenzi yao, na wifi yangu akakataa kuupokea. Wengine walimwona mkaidi. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni kwake, na nilielewa kwamba kila mkono uliokunjua ile fedha ulikuwa unamwambia mumewe amekufa, wakati yeye hajaona hata kiatu chake. Hakujua akae eda au asikae. Baadaye masheikh walimsaidia katika hilo, lakini ilibidi kwanza yeye mwenyewe awe tayari kuulizia.

Waliomfaa walikuwa watu wachache sana. Bibi mmoja wa mtaani alikuwa akija kila siku baada ya laasiri, anakaa barazani, anamenya muhogo wa chakula cha usiku, na haulizi kitu. Wifi akitaka kuzungumza anamsikiliza, akinyamaza wananyamaza wote. Kijana wa nyumba ya pili aliichukua simu yake kila siku kwenda kuichaji dukani, kwa sababu umeme wetu ulikuwa na matatizo na yeye hakustahamili simu ile izimike hata saa moja. Mwalimu wa skuli aliwachukua watoto asubuhi na kuwarudisha mchana. Watu hao waliendelea hata baada ya msiba kutoweka katika mazungumzo ya watu, na huo ndio wakati tuliokuwa na haja nao zaidi.

Kwa hiyo dua isomwe leo na kesho, kwa kuwa dua ya kumwombea mtu arudi haina ubaya wowote. Hitma tuiwache mpaka pale familia yenyewe itakapotamka kwamba ameshafariki.

Kuna tofauti moja ningependa Mama wa Mtambile amweleze binti yake. Sisi meli ilizama, na hakuna hata mtu mmoja aliyesema kaka yangu alijitakia. Binti akipotea, maneno huwa mengine. Hata hapa Pemba msichana asipoonekana nyumbani, la kwanza kusemwa ni kwamba katoroka na mwanamme, na wazee wake wanaanza kuona haya kumtafuta mbele za watu. Sidhani kama huko ni bora zaidi. Binti yako asimuulize mama yule hata mara moja kama mwanawe alikuwa akinywa, alikuwa na marafiki gani, au kwa nini alitoka jioni.

Mzanzibari wa Manitoba

Mama wa Mtambile, nimeishi katika jimbo hili muda mrefu na nimefanya kazi ya ustawi wa jamii pamoja na familia za namna hiyo. Mkaazi wa Wete amesema kweli tupu, nami nitaongeza yale yanayohusu nchi hii.

Mwaka 2014 polisi ya taifa ya Kanada ilitoa ripoti iliyotaja wanawake wa asili 1,181 katika kumbukumbu za polisi wa nchi nzima: 1,017 waliouawa kati ya mwaka 1980 na 2012, na 164 waliopotea na hawajulikani walipo. Katika miaka hiyo wanawake wa asili walikuwa asilimia 16 ya wanawake wote waliouawa nchini, ilhali walikuwa kiasi cha asilimia 4 tu ya wanawake wote. Familia zilikuwa zikiyasema haya kwa miongo mingi kabla ya takwimu hizo, na ni madai yao yaliyoilazimisha serikali kuunda Tume ya Taifa ya Uchunguzi mwaka 2016, chini ya Marion Buller, jaji wa jamii ya Wakrii, nao pia ni wenyeji wa asili. Watu zaidi ya 2,300 walishiriki, wakiwemo jamaa wa waliopotea, manusura na wazee wa mila. Ripoti yake ya mwisho ilitolewa tarehe 3 Juni 2019 ikiwa na miito ya haki 231, yaani mambo yanayotakiwa yatendwe, na ilitamka wazi kwamba hali hiyo ni mauaji ya halaiki.

Umeuliza sababu. Zaidi ya watoto 150,000 wa jamii za asili walichukuliwa kutoka kwa wazee wao na kupelekwa katika skuli za bweni zilizoendeshwa na makanisa kwa fedha za serikali, na skuli hizo hazikumalizika kufungwa mpaka miaka ya 1990. Huko walikatazwa lugha zao, na wengi walidhulumiwa miili yao. Kizazi kilichotoka humo kilirudi katika umasikini, nyumba mbovu na maeneo yasiyo na usafiri. Huko British Columbia, Barabara Kuu nambari 16, kati ya Prince George na Prince Rupert, ina urefu wa zaidi ya kilomita 700, na wanawake walilazimika kuomba lifti kwa wasiowajua kwa sababu usafiri wa umma ulikuwa haba mno. Wengi walipotea au kuuawa, mpaka watu wakaiita Barabara ya Machozi. Mkutano wa jamii hizo uliofanyika mwaka 2006 ulipendekeza usafiri wa umma, na mabasi ya kuunganisha vijiji yakaanza mwaka 2017. Miaka kumi na moja ilipita kwa jambo la basi. Mtu anapomwambia binti yako kwamba kupotea kwao ni kawaida, amwambie hivyo: hakuna ukawaida wowote hapo, kuna mambo yaliyojulikana na yakaachwa.

Jambo lililonigusa zaidi katika ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ni familia nyingi kueleza kwamba zilipokwenda kuripoti ziliambiwa zingoje, kwamba binti yuko kwenye starehe zake na atarudi. Watu wengi hapa bado wanaamini kwamba lazima saa 24 zipite ndipo mtu aripotiwe. Hakuna sharti hilo.

Ndiyo maana familia za Winnipeg zimejifunza kutafuta zenyewe. Mwezi wa Agosti 2014 mwili wa Tina Fontaine, binti wa miaka 15 kutoka jamii ya Sagkeeng, ulipatikana katika Mto Red unaopita katikati ya mji. Baada ya hapo watu wa kujitolea walianza kuukokota mto huo kwa mashua, wakivuta kulabu na minyororo chini ya maji. Mmoja wa walioanzisha kazi hiyo, Bernadette Smith, alikuwa na dada yake aliyepotea tangu mwaka 2008, na baadaye alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo na kuwa waziri. Kisha lilikuja suala la Morgan Harris na Marcedes Myran, wanawake wawili wa asili waliouawa mwaka 2022. Polisi walisema wanaamini miili yao imo katika jaa la taka la Prairie Green nje ya mji, lakini kwamba kulichimbua haiwezekani, na serikali ya jimbo ya wakati ule nayo ikakataa. Familia ziliweka kambi, zikaandamana, zikazungumza na kila aliyekubali kuzisikiliza. Serikali ilibadilika katika uchaguzi wa Oktoba 2023, Wab Kinew akawa kiongozi wa jimbo, uchimbuaji ukaanza, na mwezi wa Machi 2025 ikathibitishwa kwamba mabaki ya wanawake wote wawili yamepatikana. Nimelieleza kwa urefu kwa sababu mama yule, jirani wa binti yako, analijua tukio hilo neno kwa neno. Mtu akimwambia akubali yaliyotokea, anajua kwamba familia zile zisingekataa kukubali, watoto wao wangebaki chini ya taka.

Sasa la kufanya. Binti yako amuulize mama yule swali moja la kazi: leo nikusaidie nini? Huenda ni kubandika matangazo, kumpeleka kwa gari la rafiki mahali panapotafutwa, au kukaa na mtoto wakati yeye yuko kwa polisi. Tangazo lisambazwe lile lile lililotolewa na familia, bila ya kuongeza picha wala maneno, na wakitaka liondolewe liondolewe siku hiyo hiyo. Fedha ya mchango wenu, Maalim, itakuwa na kazi kubwa ikiitwa fedha ya mafuta ya gari, chakula na kuchapisha karatasi.

Kuhusu mtoto wa miaka minne naomba tahadhari ya pekee. Katika Manitoba karibu asilimia 90 ya watoto waliowekwa chini ya uangalizi wa serikali ni wa jamii za asili. Bibi anayelea mjukuu baada ya mama kupotea huishi na hofu ya kuja kuchukuliwa mtoto huyo pia. Binti yako asisimulie chuoni, hata kwa huruma, kwamba bibi amechoka au kwamba hali imemshinda. Ampikie, amfulie nguo za mtoto, amchukue mtoto kucheza pale uwani ambapo bibi anamwona, na hayo ayafanye bila ya kuyatangaza.

Mwisho kwa leo, ziko ofisi maalumu za kuziunganisha familia na taarifa, zilizoanzishwa kwa fedha ya serikali kuu mwaka 2016, na Manitoba inayo ya kwake. Wafanyakazi wake humsaidia jamaa kupata majibu kutoka kwa polisi, waendesha mashtaka na wachunguzi wa vifo, ili asizunguke peke yake mlango kwa mlango. Familia nyingine hazizijui. Binti yako anaweza kumtajia mama yule mara moja, kisha amwachie mwenyewe aamue.

Mama wa Mtambile, Pemba

Nimesoma nyote kwa machozi, na nimemsomea binti yangu kwa simu. Ana maswali mawili. Mama yule amemwalika katika mkusanyiko wa kumwombea mwanawe, ambapo wazee huchoma majani na watu hujifukiza moshi wake, naye anaogopa kukosea dini yake na pia anaogopa kumvunja moyo mwenyeji wake. La pili, ameona magauni mekundu yametundikwa mitini na madirishani, naye angependa kutundika moja chumbani kwake.

Mzanzibari wa Manitoba

Aende. Sahani yenye majani yanayofuka inapopitishwa, anaweza kubaki amesimama kwa utulivu na kutikisa kichwa kwa heshima, au kumwambia mama kabla kwamba atasimama naye lakini hatajifukiza. Sijaona mzee yeyote wa hapa aliyekasirishwa na hilo. Kinachoudhi ni kupiga picha. Akitaka kumwomba mzee wa mila ushauri au maombi, amuulize mama utaratibu wa kwao, kwani katika jamii nyingi za huku mtu humpa mzee kifuko kidogo cha tumbaku kama heshima, na si kwa ajili ya kuvutwa. Moyoni mwake aombe dua zake mwenyewe.

Magauni mekundu yalianzia hapa hapa Winnipeg, katika kazi ya msanii Jaime Black ya mwaka 2010, na sasa tarehe 5 Mei ya kila mwaka ni siku ya kuwakumbuka wanawake hao nchi nzima. Gauni tupu linalopeperushwa na upepo ni zito kuliangalia kwa mtu ambaye gauni la mwanawe bado limo kabatini. Kwa hiyo kwanza amuulize mama yule kama angependa kuliona dirishani kwa jirani yake. Akisema la, basi.

Maalim wa Mkunazini

Mkaazi wa Wete, nimekuelewa na nakushukuru. Hitma tumeiwacha. Tumekubaliana na wenzangu kwamba kila Ijumaa baada ya sala tutaomba dua ya kurejea kwake, na mchango tutaukusanya kwa jina la nauli na chakula. Mama, niandikie namna ya kuufikisha.

Msaidizi wa sheria, Mwanakwerekwe

Naongeza jambo moja ambalo halijatajwa, nalo ni maandishi. Katika kazi yetu hapa Unguja tunapokea wazee ambao watoto wao wamekatika mawasiliano, baadhi yao wakiwa walikwenda kufanya kazi nje ya nchi, na mara nyingi mzee anakumbuka kila kitu isipokuwa jina la ofisa aliyezungumza naye na siku aliyozungumza naye. Faili likihamishwa mkono, anaanza upya. Sitaki kufananisha mambo ya nchi mbili, lakini nadhani udhaifu huu ni wa kila mahali penye ofisi.

Binti yako ni mwanafunzi, anaandika vizuri, na kwa uuguzi amezoea kuweka kumbukumbu. Mama yule akiridhia, amsaidie kufungua daftari moja. Ndani yake iandikwe nambari ya faili la polisi, jina na cheo cha kila aliyezungumza nao, tarehe na saa, alichoahidi na siku aliyoahidi kurudi na jibu. Yaandikwe pia mambo ambayo familia pekee ndiyo inayoyajua: alama za mwili, nguo alizotoka nazo, dawa anazotumia, daktari wa meno aliyemtibu, nambari ya simu yake na benki yake. Manitoba ina sheria inayohusu watu waliopotea, inayowawezesha polisi kuomba amri ya mahakama ili wapate rekodi za simu na za benki hata pale ambapo hakuna ushahidi kwamba kosa la jinai limetendeka. Familia ina haki ya kuuliza kama ombi hilo limeshapelekwa mahakamani, na jibu lolote watakalopewa liandikwe humo pamoja na jina la aliyelitoa.

Kila wanapokwenda kituoni, binti yako akae pembeni na kuandika, na mazungumzo awaachie wenyewe. Daftari likishajaa, anunue jengine na kuandika nambari 2 juu yake. Mara zote likae nyumbani kwa mama yule, na binti yako asibaki na nakala yoyote isipokuwa ameombwa.